Mgeni wa Kipro na Sufuria Kubwa ya Bitutu

Tangu alipopata leseni ya udereva, Obadiah Ombui hakupanda tena mlima kwa miguu yake. Alizaliwa Manga, juu kabisa, na utoto wake wote uliishia katika kupanda na kuteremka: mbuzi wamepotea, Ombui teremka, chumvi imekwisha, Ombui teremka, umesahau kiberiti, Ombui rudi. Siku serikali ilipomkabidhi ufunguo wa Land Rover katika ofisi ya barabara mjini Kisii, aliona kwamba yeye na mlima wameshaagana. Watu wa mjini walimtania kwamba akitumwa sigara duka la jirani huwasha gari kwanza. Mwenyewe hakuona kichekesho. Alikuwa mtu mnene kiasi, mwenye tai na koti la kijivu, na viatu vyeusi alivyovipiga rangi kila asubuhi hata mvua ikinyesha, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba miguu ya dereva ni ya kukanyagia breki.

Sasa mtu kama huyo, nani alimtoa garini akamburura juu ya mlima wa Manga mchana kutwa, akiwa na tai yake, huku kanisa zima likimfuata nyuma? Ni neno moja tu la Kiswahili, tena neno ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua.

Mwaka ulikuwa sabini na mbili. Ofisi ilikuwa imeletewa injinia mpya, Bwana Kiriako, mtu mrefu mwenye pua ya kuwatosha watu wawili, mzaliwa wa kisiwa cha Kipro. Kiswahili chake alikiokota jikoni kwa mpishi na barabarani kwa vibarua, kwa hiyo aliweza kuomba chumvi na kutukana mawe, lakini katikati hapo alikuwa na mashimo mengi. Walipokwenda kukagua barabara za Nyamira alipenda kumsimulia Ombui habari za kwao. Kule kulikuwa na mlima uliosimama moja kwa moja kutoka baharini. Siku za mapumziko yeye na nduguze waliondoka kijijini asubuhi, mkate na jibini ndani ya mfuko, wakapanda hadi kileleni, wakaitazama bahari mpaka macho yakachoka, kisha jioni wakateremkia upande wa pili.

"Huko upande wa pili kulikuwa na nani?" Ombui aliuliza.

"Hakuna mtu. Mawe tu, na maji."

"Kwa hivyo mlikuwa mmefiwa?"

"Hapana. Tulikuwa tunatembea."

Ombui alibadilisha gia, akaliacha jambo hilo lipite. Kwao mtu alivuka mlima kwa ajili ya msiba, posa, soko au ng'ombe aliyepotea. Aliwahurumia watu wa Kipro, kuwa na mlima mzuri namna hiyo halafu wasiwe na jamaa hata mmoja wa kumwendea upande wa pili.

Ijumaa moja, wakirudi kutoka Keumbu, injinia alitoa kichwa dirishani, akautazama mlima uliokuwa umelala mbele yao na ukungu kidogo mgongoni.

"Ombui," akasema, "Jumapili mimi nataka kutembea Manga. Kwenu. Kutoka upande huu mpaka upande ule. Wewe utanionyesha njia."

Land Rover iliyumba, ikakosa mtaro kwa kidogo. Ukimwambia mtu wa Manga kwamba Jumapili utakuja kutembea kwao, hatakuuliza utapita njia gani. Atakuuliza mko wangapi, kisha atamtazama jogoo wake kwa jicho lingine. Kutembea ni kuja nyumbani, kuketi, kula, kuombewa, na kusindikizwa mpaka njia panda. Injinia alisema habari za miguu, Ombui akasikia habari za sufuria.

Na sufuria ndiyo iliyomtoa kijasho chembamba. Mama yake, Bitutu, aliishi peke yake upande wa pili wa mlima, ule unaotazama Nyamira, katika nyumba ya mwisho mteremkoni. Zamani nyumba hiyo haikukaukiwa na wageni, na Bitutu alikuwa na sufuria kubwa ambayo majirani waliiazima wakati wa arusi. Kisha mwaka mmoja mzee wa kanisa, Makori, ambaye ndiye aliyekuwa sauti nzito ya kwaya, alikula maharagwe kwa Bitutu jioni, na asubuhi akaamka hana sauti. Ilikuwa wiki ya mashindano. Kwaya ya Manga ilishindwa na watu ambao, kwa maneno ya Makori sauti iliporudi, hawakujua hata namna ya kufungua mdomo.

Hakuna aliyesema kwamba Bitutu ni mchawi. Afadhali wangesema, angejibu. Walichofanya ni kushiba. Kuanzia siku hiyo kila aliyefika kwake alikuwa ameshiba. Aliyekuja kuazima jembe alikuwa ameshiba. Aliyenyeshewa akajikinga mlangoni pake alikuwa ameshiba huku meno yakigongana. "Nimeshiba, mama," walisema kwa adabu, na macho yao hayakumfikia. Miaka ikaenda hivyo. Bitutu aliitundika sufuria kubwa ukutani, akanunua kijisufuria cha mtu mmoja. Ombui na mkewe Drusilla, aliyeuza ndizi sokoni Daraja Mbili, walikula kwake kila walipokwenda, lakini mtoto kula kwa mama yake si ushahidi. Mwezi uliotangulia Bitutu alikuwa amemwambia mwanawe kwamba anafikiria kuhamia kwa dada yake Keumbu, akafie mahali ambapo watu wana njaa.

Neno hilo lilimuuma Ombui kuliko alivyoonyesha. Basi Ijumaa ile, akiwa bado anaung'ang'ania usukani, aliona mlango umefunguka. Injinia mzima, mgeni wa ng'ambo ya bahari, akiketi kwa Bitutu mchana kweupe, akala mbele ya watu, akaondoka akiwa hai na sauti yake, nani tena angethubutu kushiba?

Angenyamaza, mambo yangekwenda vizuri. Lakini kunyamaza hakukuwa katika maumbile ya Ombui. Kesho yake, siku ya Sabato, wakati wa matangazo, alisimama, akanyoosha tai, akalitangazia kanisa kwamba kesho mama yake atatembelewa na injinia wake mwenyewe, na kwa kuwa sauti yake ilimpendeza masikioni, akaongeza kwamba injinia huyo anatoka kisiwa cha Kipro.

Kanisa zima liligeuka. Kila mtu pale alikijua Kipro tangu masomo ya utotoni. Ni kule mitume walikofika kwa merikebu, na ni kule kule mchawi mmoja alikopofushwa macho mchana kweupe. Makori alinyanyuka kutoka benchi la mbele.

"Ndugu Ombui, ni Kipro hiyo hiyo?"

"Hakuna nyingine, mzee."

"Hiyo ya yule mchawi?"

Ombui aliona shimo aliloingia, ila maneno hayakuwa na gia ya kurudi nyuma. "Mitume pia walifika," alisema, akaketi. Bitutu, kwenye benchi ambalo hakuna aliyependa kuketi karibu naye, alikuwa anatazama mikono yake.

Kufikia jioni mlima ulikuwa umeshakata shauri. Mgeni hakuwa anakuja kutembea tu, alikuwa anakuja kumpima Bitutu. Watu wa Kipro wana jicho la mambo hayo, limo katika damu. Akila, basi. Asipokula, kila mtu atajua alichokuwa akikijua. Hata Wakatoliki, ambao kwa kawaida hawakushughulika na matangazo ya Wasabato, walisema wakitoka misa watakuwepo.

Jumapili asubuhi Ombui aliosha Land Rover hadi kwenye magurudumu, akaenda kumchukua mgeni. Bwana Kiriako alitoka nyumbani kwake akiwa na kaptura, viatu vikubwa vya kuchimbia mitaro, fimbo, na mkoba umetuna mgongoni. Ombui aliuona mkoba, moyo ukatulia. Alijua ni zawadi ya mama: sukari, majani ya chai, pengine na mkate.

Walipofika chini ya mlima, pale barabara inapoanza kuzunguka, injinia alisema, "Simama. Gari tuache hapa."

"Bwana, barabara inafika mpaka mlangoni kwa mama."

"Mimi natengeneza barabara kila siku. Leo sitaki barabara. Nataka kutembea."

"Ndiyo, bwana. Tunaenda kutembea. Tutatembea na gari."

"Ombui, mtu hawezi kutembea na gari."

Ombui alikuwa ametembea na gari kwa shemeji, kwa wajomba na kwa mganga wa meno, na hakuelewa kinachosemwa. Lakini bosi ni bosi. Alifunga milango yote ya Land Rover, akaijaribu tena moja moja, akautazama mlima, nao ukamtazama yeye. Kisha akaanza kupanda akiwa amevaa viatu vyake vya ofisini, akiteleza hatua moja kwa kila mbili.

Hawajafika mbali wakamkuta Gesare, mama Mkatoliki mwenye nyumba ya kwanza, amesimama katikati ya njia na mkeka umeshatandikwa. Gesare hakuwa na ubaya na mtu. Aliona tu kwamba mgeni akipita mlangoni pake na koo kavu, jina litakaloharibika ni lake. Kulikuwa na chai ya maziwa na ndizi mbivu za kumtosha mtu aliyetoka jela. Bwana Kiriako alifurahi kama mtoto. Kule kwao, alieleza, mchungaji akikukuta mlimani hukupa jibini, na ukikataa hukufungulia mbwa. Kwa hiyo yeye hakukataa.

Ombui alimvuta Gesare pembeni. "Mama, usimshibishe. Tumbo lake lina shida."

"Kumbe," Gesare alisema kwa huruma, akaenda ndani akaleta kibuyu cha maziwa ya mgando, kwa sababu hakuna dawa ya tumbo inayoyashinda. Mgeni aliyanywa yote. Walipoondoka, Gesare alijifunga khanga akawafuata ili aone yatakayotokea kwa Bitutu, na watu wa nyumbani kwake wakamfuata yeye.

Nyumba iliyofuata ilikuwa na viazi vitamu. Iliyofuata hiyo ilikuwa na uji wa wimbi na mayai ya kuchemsha, na mwenye nyumba, fundi seremala aliyeitwa Momanyi, aliyamenya mayai mwenyewe akampa mgeni mkononi moja baada ya jingine, akihesabu kila yai kuwa heshima ya ukoo wake. Ombui alisimama kando. Kila tonge lililoingia kwa injinia aliliona limetoka kwenye sahani ya mama yake. Alijaribu kupita vichakani, lakini vichakani nako kulikuwa na mtu na sahani. Na kila walipoondoka, nyumba nzima ilifuata nyuma bila kufunga hata mlango, na bila kula, maana chakula cha siku hiyo kilikuwa tumboni mwa mgeni.

Kisha wakafika kwa Makori.

Mzee Makori hakufanya mambo nusu. Alikuwa amechinja kuku, na obokima, ule ugali mweusi wa wimbi, ulikuwa umekaa mezani umeumbwa vizuri, pamoja na chinsaga, mboga chungu ya kienyeji, iliyolazwa katika maziwa. Alimwombea mgeni sala ndefu kwa ile sauti yake iliyorudi, vikombe vikatetemeka.

"Kula, ndugu yetu wa Kipro," alisema. "Kula ushibe hapa. Kule mbele hatujui."

"Mzee, tafadhali mwachie nafasi," Ombui alimnong'oneza kwa Ekegusii, lugha ya kwao.

"Nafasi ya nini?"

"Ya mama."

Makori aliligusa koo lake. "Mimi nilimwachia nafasi mwaka ule," alisema, akamwongezea mgeni paja.

Kilele walikifikia wakiwa kundi zima, Wasabato na Wakatoliki wamechanganyika, wengine na viti vyao. Injinia alipanda mwamba wa mwisho akihema, mkanda wa kaptura umefunguliwa, akageukia magharibi. Hewa ilikuwa safi siku ile. Mbali sana, zaidi ya vilima na moshi wa mashamba, ziwa lilikuwa linang'aa.

"Bahari," alisema.

"Ni ziwa, bwana," Momanyi alimrekebisha kwa upole.

"Najua. Lakini ni bahari." Na machozi yakamtoka, akayaacha yateremke kwenye ile pua. Hata waliokuja kwa umbea waliona kwamba huyu mtu yuko mbali na kwao.

Ombui pia alimhurumia, mpaka injinia alipoketi, akaufungua mkoba na kuanza kutoa vitu. Hapakuwa na sukari wala majani ya chai. Palitoka mkate, palitoka kipande cha jibini ndani ya kitambaa, palitoka mfuko wa zeituni. Mgeni alikuwa na chakula chake.

"Amekuja na chakula chake," sauti moja ilisema nyuma.

"Ameonywa."

"Hakuna aliyemwonya. Amejua mwenyewe."

Ombui alihisi mlima unatikisika. Mgeni anayekwenda kwa watu na chakula chake mwenyewe amekwisha kusema alilo nalo moyoni. Basi akafanya jambo pekee lililomjia: akaketi kando ya bosi wake, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Bwana, asante kwa kunibebea," akavuta kila kitu miguuni pake, akala. Mkate ulikuwa mkavu, haukumshinda. Jibini lilinuka soksi, akalimeza huku amefumba macho. Zeituni alizidhania zambarau, na alipouma ya kwanza chumvi na uchungu vilimpanda mpaka puani, lakini watu walikuwa wanatazama, akazimaliza zote na kokwa zake. Bwana Kiriako aliyakausha machozi. Tangu afike Kenya hakuwahi kumwona mtu akila chakula cha kwao kwa hamu namna ile. Alimpiga Ombui begani, akamwambia kwamba mwezi ujao ataagiza pipa.

Wakaanza kuteremka upande wa Nyamira. Injinia alishuka polepole, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine tumboni, na Ombui alijua kwamba mtu huyu hana tena nafasi hata ya punje. Ikabidi aseme.

"Bwana, kwa mama yangu kuna neno moja usiseme."

"Neno gani?"

"Nimeshiba."

Injinia alifikiri. "Ni tusi?"

Ombui alifikiria kumweleza habari za maharagwe, kwaya, na miaka yote ile ya adabu mlangoni. Nyuma yao kulikuwa na masikio ya mlima mzima. "Kwa mama yangu, ndiyo," alisema. "Ni tusi kubwa."

"Vizuri. Sisemi." Na ili asisahau, injinia akaanza kulikariri neno lile kimoyomoyo, midomo ikichezacheza, "nimeshiba, sisemi, nimeshiba, sisemi," mteremko mzima, kama mtu aliyebeba yai mdomoni.

Bitutu alikuwa amesimama nje. Alikuwa amejifunga kitambaa cheupe cha Sabato ingawa ni Jumapili. Sufuria kubwa ilikuwa imeteremshwa kutoka ukutani, imesuguliwa kwa majivu hadi inaakisi mawingu, nayo ilikuwa jikoni imejaa. Meza aliiweka nje chini ya ukingo wa paa, ili mwenye macho aone. Watu walibaki nje ya ua, wakajipanga kwenye michongoma, kimya kuliko kanisani.

Alimnawisha mgeni mikono yeye mwenyewe. Hakutaka kusaidiwa, na maji mengine yalimwagika pembeni. Kisha akaleta obokima, mboga, na kuku aliyekuwa akimtunza tangu mvua za mwaka jana, na firigisi akaiweka peke yake mbele ya mgeni, kama ilivyo haki ya mgeni. Akasimama kando, vidole vimefumbatana.

Bwana Kiriako alikitazama chakula, akamtazama Ombui. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Alitafuta maneno ya kushukuru, lakini Kiswahili chote kilikuwa kimemkimbia, kimebaki neno moja tu, lile alilokuwa akililinda mlima mzima.

"Mama," alisema, "nimeshiba."

Pumzi ilitoka michongomani kama upepo. Makori alifumba macho, kama mtu aliyesikia amina. Lingekuwa neno la Kiingereza Ombui angelitafsiri kwa uongo, na Mungu angemsamehe, lakini hilo hakuna mtu Manga asiyelijua. Alitamani Land Rover imkanyage.

Bitutu hakulia. Aliliweka jagi la maji chini taratibu. Alikuwa amelisikia neno lile kutoka kwa majirani, kutoka kwa watoto wa majirani, kutoka kwa wapita njia, na sasa limekuja kutoka ng'ambo ya bahari.

"Hata huko limefika," alisema kwa Ekegusii, si kwa mtu yeyote.

Injinia hakuelewa maneno, lakini uso aliuona. Ndipo akakumbuka. Amemtukana mwanamke mzee, mezani pake mwenyewe, mbele ya kijiji. Alisimama kwa kishindo, kichwa kikagonga ukingo wa paa, akajipiga kofi mdomoni.

"Samahani, mama. Mdomo mbaya. Mdomo wangu mbaya sana."

Akaketi, akaivuta sahani, akaanza kula. Alikula firigisi kwanza. Alimega obokima kwa mkono wote, akachovya, akameza bila kutafuna, akamega tena. Alikula kama mtu anayeomba msamaha kwa meno, macho yamemtoka, masikio yamekuwa mekundu, na kila baada ya matonge machache alimtazama Bitutu kuona kama amesamehewa. Hakuacha hadi sahani ilipobaki nyeupe. Kisha alinyanyuka kwa uangalifu, mikono ikilishika tumbo chini na juu, akatembea mpaka migombani, akalala chali, akafunika uso kwa kofia. Akatulia.

Watu waliingia uani mmoja mmoja, wakamzunguka kwa mbali.

"Amekufa," mtu alisema.

"Bado. Anapumua."

"Pumzi ya mwisho huwa hivyo."

Wakaketi kusubiri. Ombui alisimama juu ya bosi wake kama askari wa benki, akamwomba Mungu kwa maneno mafupi kwamba amwache huyu mtu aamke, na akiamka awe na sauti. Jua lilihama. Harufu ya sufuria kubwa ilitoka jikoni ikazunguka ua, ikapita chini ya pua za watu ambao tangu asubuhi hawakula, kwa sababu kuku wao, viazi vyao na mayai yao vilikuwa vimelala pale migombani ndani ya mtu mmoja. Tumbo la Gesare lilinguruma hadi mbuzi wakageuka. Hakuna aliyecheka, maana matumbo mengine yalikuwa yanaitikia.

Mwishowe kofia ilisogea. Injinia aliketi. Alifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Makori alisogea karibu, akautazama mdomo ule ulio wazi, akaushika mkono wa Momanyi. Kumbe ulikuwa mwayo. Ulikuwa mwayo mrefu, na mwisho wake ilitoka sauti nene, ya kutosha kuita vibarua ng'ambo ya bonde.

"Mama," injinia alisema, akikumbuka adabu yake, "iko ingine?"

Bitutu aliushika mlango. Kisha akacheka. Ombui alikuwa amesahau kwamba mama yake ana kicheko, na kile kicheko kilimchoma machoni, akageuka kutazama migomba.

Makori alikuwa bado amesimama pale pale. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Alitembea mpaka mlangoni kwa Bitutu huku watu wote wakimtazama mgongo.

"Mama Ombui," alisema, "mimi sijala tangu asubuhi."

Bitutu alimtazama. "Na sauti yako, mzee?"

Makori aliligusa koo lake, akauteremsha mkono. "Sauti itajua yenyewe," alisema. "Nina njaa."

Baada ya hapo hapakuwa na utaratibu. Gesare aliingia jikoni bila kuitwa akachochea moto. Momanyi alikata majani ya migomba yawe sahani, kwa kuwa nyumba ya mtu mmoja haikuwa na vyombo vya mlima mzima. Walikula wamesimama, walikula wameketi kwenye viti walivyokuja navyo kushuhudia kifo, na Makori aliomba mchuzi mara ya pili kwa sauti yake nzito, akakohoa kidogo kuijaribu, akaendelea. Bwana Kiriako alizunguka katikati yao akiwa na furaha, akimwambia kila mtu kwamba kesho mwili utauma lakini kutembea ni afya, na kwamba sasa yeye na Ombui wataurudia mlima jioni hii hii, kwa sababu gari liko upande wa pili. Ombui alivitazama viatu vyake, akaona kimoja kimefungua mdomo. Hakuwa amelifikiria jambo la gari.

Sufuria ilipokuwa inakaribia kukauka, alikwangua kilichobaki, akakiweka kwenye sahani, akampelekea mama yake pale mlangoni. Alijua kwamba tangu jana, tangu alipoanza kuisugua ile sufuria, Bitutu hajatia kitu kinywani. Alikuwa ameegemea mwimo wa mlango akiwatazama watu, na wao, midomo imejaa, walikuwa wakimtazama yeye.

"Kula, mama," Ombui alisema.

"Wape hao," Bitutu alimjibu. "Nimeshiba."